Namna ya Kuuza Hisa za Kijiji cha Wazee na Bado Ukalala Usingizi

Wadogo zangu mnaotafuta kazi, nawaandikia nikiwa mstaafu. Msicheke. Nina miaka ishirini na tisa na magoti yangu ni mazima, lakini kazi niliyoifanya Masasi ilinistaafisha kabla ya wakati, na mtu akishastaafu ana haki ya kukaa barazani na kuwaeleza wadogo zake mambo ambayo hawakuuliza. Siku hizi nina duka la fotokopi hapa Newala mjini. Mteja anataka kurasa mbili, nampa kurasa mbili, anaondoka. Hakuna anayeniuliza kama akingoja mpaka mwezi ujao kurasa zake zitapanda thamani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwasaidia watu kuamua lini wauze hisa zao za kijiji cha wazee. Ngoja nieleze, maana hata baba yangu mzazi alikuwa akiwaambia majirani kwamba nauza wazee.

Kulikuwa na kampuni, niiite Pumziko, iliyojenga nyumba ndogo ndogo nje ya Masasi, upande wa Chiwata. Mstaafu analipa mara moja, anaingia, anakaa humo maisha yake yote. Kuna muuguzi, kuna bustani, kuna mtu wa kufyeka majani. Akiondoka, ama kwa wanawe ama kwa Mola wake, familia inarudishiwa sehemu ya fedha na nyumba inauzwa upya kwa bei mpya. Hisa za kampuni hiyo zilinunuliwa kwa wingi na walimu, wauguzi na makarani wastaafu wa Masasi na Newala, kwa sehemu ya kiinua mgongo chao. Wengi wao hawakuwa na mpango wa kuhamia kule. Walitaka tu kuwa na mali. Mara chache kwa mwaka kampuni ilileta mnunuzi kutoka Dar es Salaam, na siku hiyo tuliiita dirisha. Anayetaka kuuza anauza, asiyetaka anabaki na zake.

Mimi na bosi wangu, Baba Jenifa, tulikuwa na ofisi ya chumba kimoja Mkomaindo, mtaa wa palepale Masasi, katikati ya kinyozi na mama muuza mihogo ya kukaanga. Mtu mwenye swali la niuze au nisiuze alikuja kwetu. Mtu mwenye njaa naye alikuja kwetu kwa kukosea mlango, na mara nyingi alikaa kusikiliza.

Baba Jenifa alikuwa amefundisha kwaya ya kanisa kwa miaka mingi, na kwake kila kitu duniani kilikuwa kwaya. Siku yangu ya kwanza kazini nilimuuliza mtu anajuaje wakati wa kuuza umefika. Aliweka kikombe chini, akanitazama kama mtu aliyeimba sauti ya nne mahali pa sauti ya kwanza.

"Ukinyamaza kabla ya wenzako, unachekwa," akasema. "Ukiendelea kuimba wenzako wameshanyamaza, unachekwa zaidi. Kuuza hisa ni kuchagua unataka kuchekwa kupi."

Nililiwaza jambo hilo wiki nzima. Nilichora hata grafu, kicheko upande mmoja na muda upande mwingine. Nilipomwonyesha alisema grafu ni nzuri, niibandike ukutani, pale penye ufa.

Hata hivyo alinifundisha kazi, na haya ninayowaambia ni yake. Mtu akija usianze na bei. Anza na shughuli. Fedha anaitaka ifanye nini, na ifanye lini? Asiye na shughuli mwache akae na hisa zake, maana akiuza fedha zitakwisha kwenye sare za harusi za watu. Mwenye shughuli isiyo na tarehe mwambie angoje, atazame. Lakini mwenye shughuli yenye tarehe, huyo auze kabla ya tarehe yake, hata kama bei haijamridhisha, kwa sababu tarehe haibembelezwi. Halafu usiamini picha za kwenye ripoti. Nenda kijijini kwenyewe jua likizama ukatazame madirisha. Nyumba inayowaka taa ina mtu. Nyumba yenye giza ni ahadi tu. Taa zikiongezeka, hakuna haraka ya kuuza. Zikipungua wakati matangazo ya redio yanaongezeka, anza kufikiria.

Nilikwenda kutazama taa kila wiki. Mlinzi alidhani namtaka yeye, na kwa heshima kabisa akanijulisha kwamba ana mke.

Sasa niwaambie kuhusu shikamoo, kwa sababu chuoni hawatawaambia. Huku kwetu shikamoo haina mchezo, na mimi ni mtu wa kuwaza. Mtu akinizidi miaka mitano nampa? Akinizidi mitatu lakini ana kipara? Wastaafu hawakunisumbua, wote wanastahili. Aliyeniponza ni mnunuzi wa Dar es Salaam. Alishuka kwenye gari, suti ya buluu, miwani, viatu vinavyong'aa kwenye vumbi lile, na mimi kwa hofu nikamwambia shikamoo. Naye akaitika marahaba. Baadaye niliona kitambulisho chake, tulizaliwa mwaka mmoja, na mimi nimemtangulia kwa miezi. Lakini nilikuwa nimeshachelewa. Mtu ukishampa shikamoo huwezi kumwambia bei yako ni ya chini. Kila nilipotaka kubishana, ulimi uliniambia mheshimu mkubwa wako. Miaka yote niliyokaa pale nilimwamkia, na aliitika vizuri sana. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla ya kumsalimia mnunuzi, vuta pumzi umtazame shingo. Shingo haidanganyi umri.

Kuna jambo lingine nililisababisha kwa kuwaza. Nilisoma hesabu za kampuni kwa makini mno, nikagundua kwamba faida kubwa inakuja nyumba inapouzwa upya. Na nyumba inauzwa upya aliyemo akiondoka. Nikaandika maelezo mafupi ya kitaalamu, kwamba thamani ya hisa inategemea pamoja na mengine kasi ya wakazi kuhama. Niliyatuma kwenye kundi la simu la wanahisa, lile ambalo kila alfajiri lina picha za maua na salamu za asubuhi njema. Baada ya siku mbili nikaona watu wameanza kwenda kumjulia hali Mzee Kazumari.

Mzee Kazumari alikuwa mkazi mkongwe kuliko wote pale kijijini, amepita miaka tisini, mstaafu wa reli ya zamani, anaendesha baiskeli. Nyumba yake ilikuwa ya pembeni, nzuri kuliko zote, yenye veranda pande mbili. Ghafla akawa na wageni. Walimpelekea uji, walimpelekea machungwa, wakamuuliza analalaje, anakulaje, kifua kikoje. Mmoja alimuuliza kama baiskeli si hatari, kisha akamshauri asiache kuiendesha. Wakitoka pale wanapita ofisini kwetu na kusema kwa huzuni kwamba mzee ni mzima kabisa, kisha wanauliza kama huu si wakati mzuri wa kuuza.

Nilipata aibu ya kufa. Nikaenda kumwomba radhi. Nilimkuta verandani anamenya chungwa la mwanahisa. Nikaanza kueleza kuhusu kasi ya wakazi kuhama, nikajikanyaga. Akaniambia nisihangaike, alishajua tangu uji wa kwanza, maana tangu azaliwe hakuna mwalimu aliyewahi kumletea uji.

"Nenda kawaambie niko imara," akasema. "Wauze."

Nikapeleka ujumbe kundini kama ulivyo. Wanahisa wakajibu kwa picha za maua.

Hayo yote ni mambo madogo. Jambo lililonifanya niielewe kazi yangu ni la Mama Somoe na shimo lake, na kulieleza inabidi kwanza niwakumbushe namna tunavyouza korosho, maana hata ninyi wa huku mmeshaanza kusahau mkiwa vyuoni.

Mkulima wa huku hauzi korosho zake peke yake. Anazipeleka ghalani kwenye chama cha msingi, zinachanganywa na za wenzake, na siku ya mnada bei za wanunuzi zinasomwa mbele ya watu. Wakulima wanasikiliza, wananong'ona, halafu wanajibu kwa pamoja, tuuze au tusiuze. Wakisema tusiuze, korosho za wote zinalala. Hakuna anayenyanyuka peke yake kusema mimi nauza. Atakula na nani jioni?

Hisa hazina sheria hiyo. Kila mtu ana zake, anaweza kuuza wakati mwenzake ananywa chai. Tuliwaeleza wanahisa hivyo, wakatikisa vichwa kwa adabu. Dirisha la kwanza lilipofunguliwa walikuja wote kwa pamoja, wakakodi ukumbi, wakaomba bei isomwe, na iliposomwa wakajibu kwa sauti moja kwamba wamegoma. Mmoja aliuliza kama hisa zake ni daraja la kwanza au la pili. Mnunuzi wa suti ya buluu alitazama dari. Naye alikuwa na lake, hakutaka vipande vipande, alitaka mzigo mkubwa au arudi zake Dar es Salaam. Kwa hiyo ule utaratibu usio wa sheria ukawa sheria. Wakiuza wote, kila mmoja anauza. Wakigoma, hakuna anayeuza.

Mama Somoe alikuwa mkunga mstaafu, anaishi Kitangari. Nusu ya watu wa uwanda ule walizaliwa mikononi mwake, pamoja na mimi. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na kule juu mlimani mnajua habari ya maji. Bomba likitoka ni sherehe, lisipotoka ni ndoo za kununua au kushuka bondeni na kupanda. Alichotaka duniani ni kisima cha kuvunia maji ya mvua, kile cha kuchimbwa uani na kusakafiwa kwa saruji, paa linamwaga ndani yake, mtu anachota mlangoni kwake. Shimo lilikuwa limeshachimbwa kwa fedha za mwanawe. Saruji, nondo na ujira wa fundi vilingoja hisa.

Nilikwenda kuliona. Lilikuwa shimo kubwa, zuri, katikati ya ule udongo wetu mwekundu wa kichanga ambao hauna msimamo. Fundi alitueleza wazi kwamba mvua ya kwanza kubwa ikilikuta halijasakafiwa, kingo zitaporomoka na kazi yote itakuwa bure, na huenda ukuta wa jiko ukafuata. Nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu. Kama dirisha likifunguliwa mapema, na kama bei ikipanda kidogo, na kama mvua zikichelewa. Nilirudi nyuma hatua kidogo ili nione skrini vizuri kivulini, na nikaingia shimoni.

Sikuumia. Ndani mlikuwa na mbuzi aliyetangulia. Mama Somoe alisogea ukingoni, akatutazama wote wawili.

"Mwanangu," akasema, "na wewe umekuja kungoja bei?"

Dirisha lililofuata watu waligoma tena. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Nampoto, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya gwaride, na aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha msingi. Kwake bei yoyote ya kwanza ni matusi, na ya pili ni utani. Na wiki ileile mtu mmoja mwenye pikipiki akafika Kitangari kwa Mama Somoe, akamwambia atamnunulia hisa zake palepale, fedha mkononi, kwa nusu ya bei. Mnawajua watu hao kwenye korosho, tunawaita kangomba, wanaokuja kwa mwenye shida kabla msimu haujafunguliwa. Sikujua kwamba wameshafika hata kwenye hisa. Mama Somoe alimpa maji ya kunywa, na kwake hilo ni tendo kubwa, akamwambia arudi baada ya dirisha la mwisho. Wakiuza, vizuri. Wakigoma, atamuuzia yeye.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku ya dirisha la mwisho kabla ya mvua. Joto lilikuwa la kutoa ngozi. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Newala kama watu waliokuja kudai. Ukumbi ulijaa. Mnunuzi wa suti ya buluu akasoma bei, nzuri kidogo kuliko ya mwanzo, na minong'ono ikaanza. Mwalimu Nampoto akasimama, akasema kampuni inaongeza nyumba, taa zinaongezeka, bei itapanda tu, wagome mara moja zaidi. Watu wakaguna kukubali. Halafu mtu akauliza mtaalamu anasemaje.

Mtaalamu nilikuwa mimi. Nilisimama nikasema kwamba bei inaweza kupanda, lakini inaweza isipande, lakini ikipanda huenda isipande haraka, lakini pia haraka ni jambo la mtazamo. Baba Jenifa alifunga macho kama mtu aliyesikia kwaya nzima imekosea. Nikaketi.

Mama Somoe akanyanyuka polepole kwa kushika mgongo wa kiti cha mbele.

"Mwalimu Nampoto," akasema. "Erasto wako alipokuja ametanguliza miguu, ulikuwa nje ya mlango wangu unalia. Uliniambia nini? Uliniambia, Mama, fanya sasa hivi. Hukuniambia tusubiri, pengine mwezi ujao atageuka."

Ukumbi ulicheka mpaka kinyozi wa jirani akaja kuchungulia. Mwalimu akajibu kwamba Erasto sasa ni mtu mzima, ana kitambi na cheo, asitajwe miguu yake mkutanoni. Watu wakacheka zaidi. Mama Somoe hakucheka. Akawatazama safu moja baada ya nyingine, na kila aliyetazamwa alionekana kukumbuka kwamba na yeye amewahi kulia nje ya mlango ule.

"Shimo langu liko wazi na mawingu mnayaona," akasema. "Mimi mtoto ameshafika mlangoni. Siwezi kumrudisha."

Mwalimu Nampoto akanigeukia, si kwa ukali, akaniambia nimjibu moja tu, bei itapanda au haitapanda.

Wadogo zangu, nilikuwa na majibu mengi. Yote niliyaona yamepanga foleni kichwani, kila moja na lakini yake.

"Nadhani itapanda, Mwalimu," nikasema. "Auze leo."

Alisimama pale, mrefu vile, akijikuna kidevu. Wote walikuwa wakimngoja yeye, na yeye alijua. Mwishowe akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya gwaride kwamba mtu mwenye shughuli yenye tarehe asiachwe peke yake mlangoni. Kisha akaugeukia ukumbi na kuuliza kama inavyoulizwa kwenye korosho, wakajibu kwa pamoja, tuuze. Mnunuzi alidhani bado wamegoma, akaanza kufunga begi. Ilibidi nikimbie kumwambia, na kwa mara ya kwanza nilisahau kumwamkia.

Fundi alisakafia usiku na mchana. Mvua ya kwanza ilikuja saruji ya juu ikiwa bado mbichi, wakaifunika kwa maturubai na kwa mabati ya jirani, na Mama Somoe mwenyewe alikaa jikoni akiisikiliza ilivyokuwa ikigonga. Kisima kilishika. Mvua zilipokolea, kilijaa.

Bei ilipanda. Sitawaficha. Dirisha lililofuata ilikuwa juu kabisa, na kundi la simu halikuwa na ua hata moja. Niliona afadhali niende mwenyewe Kitangari nimwambie Mama Somoe kabla hajasikia kwa watu. Nilimkuta Mwalimu Nampoto ameshatangulia. Ameketi uani kwenye kiti cha plastiki, amevaa kofia ya safari, uso wa mtu aliyepanda mlima ili alalamike na amefika akiwa na kiu.

Nikawaamkia wote wawili. Mwalimu akakohoa, akaanza kusema kwamba amekuja kwa jambo la bei. Mama Somoe akamwambia anywe kwanza. Aliondoa kifuniko, akateremsha ndoo kwa kamba fupi, maji yalikuwa karibu sana, akachota kikombe na kumpa Mwalimu palepale alipoketi, bila yeye mwenyewe kutoka uani kwake.

Mwalimu alikunywa. Akaomba kingine. Alipokimaliza aliinuka, akaenda ukingoni, akainama na kutazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akaja nilipokuwa, akaninong'oneza, ili Mama Somoe asisikie, akaniuliza yule fundi anapatikana wapi.